Chupa ya Pili ya Hombolo

"Toka! Toka nje haraka, binti!"

Shangazi Tusekile alipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika uani. Yustina alikuwa amepiga magoti sebuleni, glasi ya waini nyeupe mikononi, mbele ya Mzee Ambindwile, baba wa mchumba wake. Mzee alijifunika uso kwa koti, akatoka mlango wa nyuma.

"Nimekosa nini, shangazi?"

"Unamtazama baba mkwe usoni! Tangu posa ipokelewe hamtakiwi hata kukutana njiani. Kwenu hamfundwi?"

Yustina akamgeukia mchumba wake, Ackson. Na huyu Ackson, jamani, ndiye mwenye duka la vinywaji pale Makandana, mjini Tukuyu! Mwaka ule wa 2002 milango ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa, rafu zake zimejaa chupa za Afrika Kusini, na mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi hiyo hiyo, chupa mbili za waini alizoleta Yustina zikipoa kwenye kijito cha hapo kijijini Masoko, alikuwa akimsomesha:

"Nyeupe hainywewi vuguvugu, mpenzi. Na nyama ya kuchoma itaifunika ladha. Hii inataka samaki."

"Baba yangu analima zabibu Hombolo, halafu unanifundisha mimi?" Yustina alicheka. Alikuwa nesi, amehamishiwa Tukuyu kutoka Dodoma. "Zimekulia kwenye mchanga na jua kali, lakini ukionja waini yake, ina uchachu kama ndimu. Baba kasema nimpe mzee kwa mkono wangu, na samaki mbasa wa kukaanga pembeni."

"Atafurahi sana."

Hapo ndipo Ackson alipotakiwa kumwambia mwiko wa baba mkwe. Hakusema. Aliona haya, alitaka aonekane mtu wa kisasa, nesi wa watu asije akadhani ameposwa na washamba.

Sasa mbele ya shangazi yake sentensi moja ingetosha: ni mimi sikumwambia. Ackson aliangalia viatu vyake.

"Ackson, huna la kusema?" Yustina aliuliza.

"Tutaongea baadaye."

"Sawa."

Yustina aliweka glasi mezani taratibu, akachukua pochi yake, akaondoka. Aliomba uhamisho wa kurudi Dodoma, akaupata. Ackson alipiga simu mpaka betri ikaisha, hazikupokelewa. Ukaja ujumbe:

"Mwiko ningejifunza, nisingeona ubaya. Mzee nilimkosea kwa kutojua. Wewe ulijua, ukaniacha nitukanwe peke yangu."

Miezi ikapita, ukaja mwingine:

"Nimevishwa pete huku Dodoma. Usinipigie tena."

Ackson alilia dukani kama mtoto, mlango kaufunga. Kwao Masoko hakumwambia mtu. Kila alipoulizwa alisema Yustina yuko likizo.

Jumapili moja mzee alimwita. Mezani kulikuwa na ndizi, mbasa, na ile chupa ya pili, haijafunguliwa.

"Mimina, mwanangu."

Mzee alionja, akatafuna samaki, akaonja tena.

"Ndaga, asante sana. Vinaendana kweli. Baba yake anajua kulima."

Ackson akaisukuma sahani yake pembeni.

"Shangazi yako nimemkanya," mzee aliendelea. "Mgeni hazaliwi na mila zetu. Kosa ni la aliyejua akanyamaza. Siku ile nilikaa migombani nikingoja uje uniambie. Hukuja."

"Nisamehe, baba."

"Nilishakusamehe. Na nimetenga ng'ombe. Mkishaoana nitampa, ndivyo mwiko unavyolegezwa kwetu, anisalimie kama binti yangu. Glasi yangu atanimiminia mwenyewe." Mzee alitabasamu. "Likizo gani hii isiyoisha? Anarudi lini?"

Ackson alitazama viatu vyake. Kisha akainua uso, machozi yakimchuruzika.

"Harudi, baba. Anaolewa na mwingine. Ni mimi sikumwambia."

Ndiyo sentensi ambayo Yustina aliingoja siku ile, pale pale sebuleni, amepiga magoti.