Samaki Waliokula Pumba

Zacharia Gachau alifungua banda la vifaranga alfajiri ya Ijumaa, na kabla hajawasha taa alijua mambo yameharibika. Matangi mawili ya kushoto yalikuwa kimya. Kwa kawaida vifaranga wa tilapia wakisikia nyayo hupanda juu kugombea chakula hadi maji yatokote. Asubuhi hiyo walielea matumbo juu, weupe, wameufunika uso wote wa maji. Katika matangi mawili ya kulia, samaki walikuwa wakizunguka kama siku zote.

Sajini Rachael Mukonyo wa upelelezi alipofika Murera kutoka Ruiru, uani kulijaa majirani na wakulima waliokuwa wameagiza samaki hao. Katikati yao alisimama mwanamke mwembamba, leso imemteleza begani, na mzee Gachau akimnyooshea kidole.

"Huyu ndiye ameniua," mzee alisema. "Mbegu hii ya samaki nimeichagua miaka sita. Yeye akaniletea sumu kwenye gunia."

Mwanamke huyo aliitwa Mwelu. Nyuma ya nyumba yake huko Kiuu alifuga funza wa nzi weusi, akawakausha na kuwasaga kuwa chakula cha samaki. Gachau alikubali kumjaribia: samaki wa matangi ya kushoto walishwe chakula cha Mwelu, wa kulia walishwe kile cha zamani cha dagaa wa omena. Waliokufa ni wa kushoto peke yao.

"Hata kuku wangu wanakula hicho chakula," Mwelu alisema kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemsikiliza.

Mukonyo aliingia bandani. Kufuli halikuwa limevunjwa, nailoni ya ukuta haikupasuliwa. Alijaza chupa maji ya kila tangi, akaweka samaki waliokufa kwenye barafu, akachota na chakula kutoka kwa gunia la Mwelu. Kisha akamwita Mwas, mpwa wa mzee na msimamizi wa shamba, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Jana jioni nani aliwalisha hawa?"

"Ni mimi, madam. Niliwapa hiyo ya Mwelu, kama kawaida. Hawajawahi kula kingine tangu waanze kula. Walikula fiti kabisa. Nikafunga, nikaenda kulala."

"Funguo ziko ngapi?"

"Yangu na ya anko. Lakini yeye alikuwa Murang'a kwa mazishi tangu Jumanne, amerudi jana kama giza limeingia."

"Kuna mtu mna ugomvi naye?"

Mwas alisita kidogo. "Kuna Mulei. Alikuwa anafanya kazi hapa, tukamfuta kazi mwezi uliopita. Aliondoka akisema tutajuta. Na hiyo funguo yangu alikuwa anaishika kila siku."

Kelele za uani zilipanda. Mukonyo alipotoka, mkulima mmoja alikuwa ameokota jiwe. Mukonyo alimshika Mwelu mkono, akamwingiza kwenye gari la polisi. Hakujua kama anamkamata au anamwokoa.

Hakimu aliruhusu Mwelu azuiliwe siku kumi, hadi Jumatatu ya juma la pili, siku ya kusomewa mashtaka. Kwa Inspekta Wamboi, mkubwa wa Mukonyo, kesi ilikuwa imekwisha.

"Chakula ni chake, na waliokufa ni waliokula chakula chake," Wamboi alisema. "Unatafuta nini tena?"

"Nasubiri maabara, madam."

"Ama ni kwa vile ni Mkamba mwenzako?"

Mukonyo alizaliwa Gatuanyaga, mashariki ya Thika, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Ukambani. Neno lile alitembea nalo juma zima, na mara mbili alijiuliza kama lina ukweli.

Jumatano alipigiwa simu na Daktari Nafuna, mtafiti wa samaki aliyepelekewa sampuli zile, katika chuo kikuu kilicho karibu na Kahawa Sukari.

"Chakula cha huyo mama ni kisafi," Nafuna alimwambia walipokutana. "Kilichowaua ni klorini. Mtu aliimwaga kwenye yale matangi mawili. Hiyo ni rahisi. Kinachonisumbua ni matumbo."

"Yamefanyaje?"

"Samaki mdogo, utumbo wake ni kama ploti mpya ya nyumba za kupangisha. Chakula unachompa ndicho kinaamua wapangaji gani watahamia. Ukimlisha funza, wanajaa bakteria wanaojua kuvunja gamba la funza. Ukimlisha pumba za mahindi, wanakuja wengine kabisa. Na hawahami kwa siku moja. Hao wa Gachau niliwapima mwezi uliopita kwa utafiti wangu. Wapangaji wa funza walikuwa wamejaa tele. Hawa ulioniletea wana wapangaji wa pumba, na ndani ya matumbo ni pumba tupu kutoka mwanzo hadi mwisho."

"Labda klorini iliua hao bakteria wa funza."

"Ingewaua na wa pumba. Halafu hata wakifa, alama zao hubaki, na mimi husoma alama. Sajini, hawa si samaki wa Gachau."

Kwa hiyo huu ulikuwa wizi, Mukonyo aliwaza. Mtu alikuwa ameiba vifaranga wazima, akaweka samaki duni wa pumba mahali pao, akawamwagia klorini ili mtu yeyote asitafute walio hai. Aliyelipia kosa hilo ni Mwelu.

"Kama wako hai, mwizi anaweza kuwalisha chochote?"

"Anaweza, lakini mjuzi hathubutu. Ukiwabadilishia chakula ghafla wakiwa na umri huu, utumbo unavurugika, wanadhoofika. Ukishaiba mbegu nzuri hivyo, utaitunza."

Siku hiyo hiyo alimpata Mulei kwenye mabwawa ya mkulima mmoja nje ya Thika, ameshika ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na pumba za mahindi.

"Ulisema watajuta," Mukonyo alimwambia.

"Nilisema. Mtu akifutwa atasema nini, asante?"

"Alhamisi iliyopita usiku ulikuwa wapi?"

"Hapa. Tulikuwa tunalinda, fisi-maji wanamaliza samaki. Uliza mwajiri wangu."

Mwajiri alithibitisha. Akaongeza kwamba huuza vifaranga wa pumba kwa yeyote anayekuja na gari, na hawaulizi majina. Wamboi, kwa simu, alitaka Mulei aletwe ndani papo hapo. Mukonyo aliomba siku chache.

Jioni alikwenda Kiuu. Masanduku ya funza yalikuwa yamevunjwavunjwa, na Kyengo, mumewe Mwelu, alikuwa akifagia.

"Walikuja Jumapili baada ya kanisa," alisema. "Wengine tunaimba nao kwaya. Wateja wote wamekimbia."

"Wote?"

"Amebaki mmoja tu. Huyo hata jana ametuma boda achukue magunia mawili yaliyobaki. Simjui. Hutuma tu mtu kutoka Thika."

Mukonyo alimtazama. Mji mzima uliamini chakula kile ni sumu. Ni nani angeendelea kukinunua, kama si mtu anayejua kwa hakika kwamba hakikuua samaki hata mmoja?

Alhamisi, mwendesha bodaboda hakusumbua. Alimwelekeza hadi Gatuanyaga, si mbali na nyumba aliyokulia Mukonyo, kwenye boma la kukodi lenye banda jipya la nailoni. Mama mlinzi alisema mwenyewe huja mchana wa saa nane, jina lake hakuwahi kumwambia. Akamruhusu kuchukua samaki watano. Nafuna, kwa kuwa sasa alijua anachokitafuta, alimpa jibu kesho yake jioni: wapangaji wa funza, kama wale wa mwezi uliopita.

Jumamosi, Mukonyo alirudi na maafisa wawili. Alimleta pia mzee Gachau, akamketisha ndani ya banda kwenye ndoo iliyopinduliwa, amwone mwenyewe mtu huyo. Mzee alichungulia tangini. Samaki walipanda juu wakigombea, maji yakatokota. Akafunika mdomo kwa mkono.

Pikipiki ilizimwa nje. Mlango ukasukumwa, akaingia Mwas, gunia begani.

Aliona mjomba wake kwanza. Gunia lilishuka polepole hadi chini.

"Nilikuja kufuatilia, madam," alisema. "Nilisikia Mulei ameficha samaki huku."

"Mulei ana shahidi," Mukonyo alisema. "Na wewe uliniambia waliokufa hawajawahi kula kingine ila funza. Ulisema uliwalisha mwenyewe, wakala."

"Ndiyo."

"Matumbo yao yana pumba tu. Na kama unamfuatilia Mulei, gunia hilo la chakula cha Mwelu umelibeba la nini? Chakula cha Mwelu kinakuja hapa kwa boda, wakati Mwelu yuko ndani kwa sababu yako. Mzee alikuwa Murang'a siku tatu na funguo yake. Bandani ulikuwa peke yako."

Mwas alimtazama mama mlinzi aliyesimama kando ya matangi, akatazama mlango, ambapo afisa mmoja alikuwa amesimama.

"Kwa nini?" Gachau aliuliza. Sauti haikuwa ya hasira. "Ungeniambia."

"Nilikuambia, anko. Kila mwaka nilikuambia. Nani alikuwa anaamka kuchagua samaki mama wa kuzalisha? Nani alikuwa anatupa walio wadogo? Wageni wakija unasema, mbegu yangu, nimeichagua miaka sita. Mimi umesimama nami hapo hapo, hata jina hunitaji. Nilikuomba nianze shamba langu na tangi moja tu. Ukasema ningoje ufe."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Na Mwelu?" Mukonyo aliuliza. "Yeye alikukosea nini?"

"Hakuna," Mwas alisema. "Nilihitaji mtu wa kulaumiwa."

Walipomtoa, Gachau hakumfuata. Alirarua gunia, akachota chakula, akawalisha samaki. Jumatatu hakimu alimwachilia Mwelu, na Wamboi akapita karibu na meza ya Mukonyo, akaweka kikombe cha chai, akaenda zake.

Mzee alimngoja Mwelu nje ya mahakama, kofia mkononi.

"Mama, nisamehe. Nitakurudishia masanduku yote."

Mwelu alitikisa kichwa. "Masanduku Kyengo atayatengeneza. Uliniita muuaji mbele ya watu, mzee. Hapa tuko wawili tu."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo katika kanisa la Kiuu, Zacharia Gachau wa Murera aliomba nafasi. Alisimama mbele ya kwaya, akawaeleza jinsi alivyomsingizia mama asiye na hatia. Kisha akasema mbegu ya samaki wanayoitamani wote ilichaguliwa na mpwa wake, Mwas, ambaye yuko rumande, na kwamba alipaswa kulisema hilo miaka sita iliyopita. Mwelu, safu ya tatu, alisikiliza hadi mwisho. Mzee alipotafuta pa kukaa, Mwelu alisogea kidogo kwenye benchi, akampa nafasi.