Chaja ya Kwenda Nicoya

"Mimi na umeme tumenyonya ziwa moja," alisema Greivin, akijipiga kifua kwa bisibisi. "Fundi wa nini, Mama? Jumapili gari litakuwa limejaa umeme pomoni. Tunateremka Nicoya!"

Mama Flory alikuwa anamimina maji ya moto kwenye kitambaa cha kuchujia kahawa. Alitamani sana kumwamini mwanawe. Shida ni kwamba alimzaa mwenyewe.

Waliishi Grecia, mji wa mlimani, ambako ukungu wa asubuhi huingia mpaka jikoni. Mama Flory aliletwa huku na ndoa, akiwa msichana. Mume alishafariki na watoto wamekua, lakini mwili wake haujaizoea baridi. Akifumba macho yuko Nicoya, kwao alikozaliwa, kwenye joto. Anausikia upepo mkavu. Anamwona dada yake Ofelia akigeuza chapati za mahindi kwenye kikaango cha udongo.

Kila jioni walizungumza kwa simu.

"Flory, macho yanafifia," Ofelia alisema. "Ni mtoto wa jicho, na foleni ya upasuaji ni ndefu. Njoo niuone uso wako kabla hujawa kivuli."

"Nakuja, dada."

"Lini?"

"Gari likijaa."

Safari ya basi hakuiweza. Goti lake likikunjwa muda mrefu, haliamki tena. Gari la Greivin nalo lilikuwa la umeme, la mitumba, la kusambazia mikate. Lilichajiwa kwa waya mdogo kwenye soketi ya sebuleni. Usiku kucha halikufika nusu, na asubuhi lilitoka tena na mikate. Mara moja walijaribu kwenda hivyohivyo. Likazima njiani. Wakarudi Grecia na gari juu ya lori, kama ng'ombe aliyekosa mnunuzi.

Ndipo Greivin akanunua chaja kubwa ya ukutani. Na ndipo akashika bisibisi.

"Waya mnene kuliko zote humu ni wa bafuni," alisema. "Ni wa lile bomba la kuogea linalochemsha maji palepale yanapotoka. Nitaunga hapo."

"Na huu wa kijani?" Mama Flory aliuliza. Chaja ilikuwa na waya wa kijani ambao haukupata mwenzake.

"Huo wa mapambo, Mama." Akaukunja, akauzungushia utepe.

Jioni taa ya chaja ikawaka kijani. Greivin aliinama kama mwanamuziki aliyepigiwa makofi, kisha akaenda kuoga. Mama Flory akampigia dada yake.

"Safari hii kweli, Ofelia. Linajaa. Naliona kwa macho yangu..."

Taa zikapepesa. Harufu ya plastiki inayoungua ikaja. Pah! Nyumba nzima giza.

"Mamaaa! Nakufa! Mamaaa!"

Mama Flory aliiacha simu mezani bila kuikata. Greivin alitoka mbio na taulo moja na povu tele machoni. Juu ya mlango wa bafu moshi ulikuwa unatoka.

"Usiguse kitu, umelowa!" Mama Flory alifoka. Yeye alikuwa mkavu, na viatu miguuni. Akaenda kwenye boksi la umeme, akazima swichi kuu.

Asubuhi alikuja Xinia, jirani yao. Ni fundi umeme mwenye leseni, na alisoma darasa moja na Greivin.

"Jana nimesikia mtu akiimba," alisema Xinia. "Sauti nzuri. Ya juu kidogo."

"Fanya kazi, wewe," Greivin alinung'unika.

Xinia alipanda ngazi, akaangalia waya ulioyeyuka.

"Ndugu yangu, hili bomba peke yake linakunywa umeme kama ng'ombe mwenye kiu. Ukaliongezea gari kwenye waya uleule?"

"Si ni mnene?"

"Hata wewe ni mnene. Nikikupandisha Doña Flory mgongoni, na mimi juu yake, utafika sokoni?"

Mama Flory alicheka. Greivin hakucheka.

"Na huu wa kijani umeufunga mdomo kwa nini?"

"Haukuwa na pa kwenda."

"Huo ndio wa ardhini. Umeme ukivuja kwenye bati la gari, huo waya unauonyesha njia, na swichi inajikata. Usipokuwepo, umeme unasubiri mkono wa mtu. Labda wa mama yako, asubuhi, akifungua mlango wa gari."

Greivin alimtazama mama yake. Akaiweka bisibisi chini.

"Kwa hiyo Nicoya ndiyo basi tena?" Mama Flory aliuliza taratibu.

"Siyo basi, Doña Flory. Tunaanza upya, kwa utaratibu wake."

Kwanza Xinia hakugusa waya wowote. Alikaa mezani akajumlisha vyote vinavyokula umeme: bomba la kuogea, jiko, friji, pasi.

"Umeme unaoingia humu unatosha," alisema. "Ila gari lichajiwe usiku, mkishaoga na kupika. Na chaja nitaipunguza nguvu kidogo."

"Na kama usingetosha?" aliuliza Greivin.

"Tungeomba kampuni ya umeme ituongezee kwanza. Sio kuvamia bafu."

Akavuta waya mpya, mnene, kutoka kwenye boksi hadi kwenye chaja. Ulipita ndani ya bomba la plastiki la kuulinda, na haukugawana na kitu kingine. Akaupa swichi yake, na kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja. Waya wa bafuni ulioungua akaubadilisha. Mwisho akampa Greivin nyundo apigilie fimbo ya shaba ardhini, pale utakapofungwa ule waya wa kijani.

"Hii kazi unaiweza," alisema. "Haihitaji kufikiri."

Mama Flory alisimama mlangoni akiitazama fimbo ikizama. Kila pigo alilihesabu kama hatua ya barabara. Xinia alipima kila kitu kwa kifaa chake, ndipo akawasha.

Jumapili alfajiri gari lilikuwa limejaa.

"Kule kwa dada yako mtatumia ule waya mdogo," Xinia aliwaambia. "Soketi ikaguliwe na fundi kwanza. Mchomeke moja kwa moja ukutani, bila waya wa kuongezea. Mguse plagi mara kwa mara. Ikiwa ya moto, zimeni. Ila litajaa polepole sana, Doña Flory. Siku mbili, pengine tatu."

"Polepole sana?"

"Sana."

Mama Flory alirudi ndani, akaongeza magauni mawili kwenye mkoba.

Walifika Nicoya jua likiwa kali. Ofelia alimshika mdogo wake mabega, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga. Akamtazama kwa muda mrefu, karibu, pua kwa pua.

"Umezeeka," alisema.

"Umeniona," alisema Mama Flory, na machozi yakamtoka.

Baadaye walikaa jikoni. Greivin alikunywa kahawa, akala chapati, akaanza tena kujipiga kifua.

"Mama Mkubwa, ile chaja nimeisimamia mwenyewe. Waya wa bafuni niliutilia shaka tangu mwanzo. Nikamwambia Xinia, huu hapana..."

"Na yule aliyelia 'Mamaaa, nakufa' alikuwa nani?" Ofelia aliuliza.

Greivin alimgeukia mama yake. "Umemwambia!"

"Sijasema neno."

"Hakuniambia," alisema Ofelia, akigeuza chapati kwa vidole. "Simu mliiacha mezani, iko wazi. Macho yangu yamechoka, mwanangu. Masikio hayajambo."