Shuka la Mkunga

Ukitafuta nyumba ya dobi, fuata harufu ya sabuni. Asubuhi na mapema mapovu yanatiririka kwenye mfereji mbele ya mlango. Dobi anafua, mkewe anasuuza. Mchana wanapokezana pasi ya mkaa. Mashati ya watu yananing'inia kwenye kamba, meupe mpaka yanaumiza macho.

Lakini sabuni hiyo ilikuwa ya kazi, na dobi hakutaka mchezo. "Sabuni ya wateja ni ya wateja," alisema. Yeye na familia yake waliogea mabaki, vile vipande vyembamba ambavyo vikianguka kwenye maji huvioni tena. Dawa ya meno ilikuwa kitu cha kubahatisha. Na vitu ambavyo binti anayekua anavihitaji havikutajwa kabisa. Nyumba hiyo ilifua siri za mtaa mzima, ila siri yake yenyewe hakuna aliyethubutu kuigusa.

Binti wa dobi hakunyamazishika tangu akiwa mdogo, na ndiyo maana akapewa jina la Kasuku. Aliongea na wateja. Wateja wakiondoka, aliongea na pasi. Sasa alikuwa darasa la mtihani, na mwaka huo alikuwa kimya kama maji mtungini. Kila mwezi alikosa shule siku kadhaa. Akiulizwa, alisema tumbo. Mwalimu wake akaagiza kwamba akiendelea hivyo hataruhusiwa kufanya mtihani.

"Basi niache shule," Kasuku alimwambia mama yake. "Nitakaa nyumbani nipige pasi."

"Uache shule uolewe na pasi?" Mama alicheka, lakini kicheko hakikutoka moyoni. Alilijua tumbo hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa bintiye matambara ya kwanza. Siku hiyo alimwambia, "Ukishayafua, yaanike chini ya godoro. Baba yako asiyaone. Wateja ndiyo kabisa!" Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Baada ya hapo hawakulizungumza tena.

Nyuma ya nyumba hiyo, chini ya meza ya kupigia pasi, kulikuwa na furushi. Humo zilikaa nguo safi ambazo wenyewe hawajazifuata. Wengine walikuwa wamesafiri, wengine wamesahau. Dobi hakuruhusu mtu kuligusa. Mteja angeweza kurudi baada ya mwaka na kuikuta nguo yake kama alivyoiacha. Kwa jambo hilo dobi alivimba kichwa, na mtaa mzima ulimwamini.

Jumamosi moja wateja walikuwa wamejaa. Akaingia mkunga wa zahanati. Alikuwa masomoni kwa muda mrefu, na sasa alikuja kuchukua mashuka yake.

"Karibu, Mama Mkunga!" dobi alisema. "Wewe ulidhani nimeyauza? Kwangu hakipotei hata kifungo." Akafungua furushi, akatoa shuka jeupe la pamba, akalikunjua mbele ya watu ili wote waone.

Upande mmoja wa shuka haukuwepo. Ulikuwa umekatwa vizuri, toka juu hadi chini.

"Panya hawa!" dobi alisema haraka.

"Panya wako wanatumia mkasi?" mkunga aliuliza.

Mteja mmoja akaangua kicheko. Mwingine akachukua suruali yake na kuanza kuikagua, mbele na nyuma, kisha mifukoni. Dobi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Naapa, sijawahi kugusa nguo ya mtu," alisema. Akamgeukia mkewe. "Nani ameingia kwenye furushi?"

Pazia la chumba likasogea. Kasuku akatoka, kichwa chini.

"Ni mimi, baba."

"Wewe? Umekata shuka la watu? La nini?"

"Nilihitaji kitambaa."

"Kitambaa cha nini?"

Kasuku aliwatazama wateja.

"Nakuuliza, cha nini?" dobi alifoka. "Nimelea mwizi ndani ya nyumba yangu?"

Wanawake waliokuwapo walishaelewa. Walitazama pembeni, kila mmoja akijifanya anatafuta kitu mkobani. Mkunga alilikunja shuka upesi.

"Baba Kasuku, wape watu nguo zao," alisema kwa upole. "Huyu si mwizi. Mimi naingia ndani na mama yake."

Chumba kilikuwa kidogo. Mkunga alikaa ukingoni mwa kitanda, akamvuta Kasuku karibu.

"Ni kwa ajili ya siku zako, mwanangu?"

Kasuku alitikisa kichwa kukubali. Machozi yakaanza kumtiririka. "Yale ya mwanzo yalichakaa. Nikaona aibu kumwambia mama. Naye hana."

"Unavianika wapi?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa mkono tu. Aliinua godoro. Vitambaa vilikuwa vimepangwa mstari mmoja. Havikuwa vimekauka, na vilinuka unyevu.

"Unawashwa?" mkunga aliuliza.

"Tangu mvua zianze," Kasuku alinong'ona.

Mama alishika tama. "Na mimi ndiye niliyemfundisha. Kazi yangu ni kufua! Nguo za watu naanika juani. Za mwanangu nimezificha kama mali ya wizi."

"Ungeanika shuka la mteja chini ya godoro?"

"Lingeoza."

"Na hivi ni vya kuvaa mwilini," mkunga alisema. "Sikiliza, mama. Kitambaa si kibaya. Kiwe cha pamba na kiwe safi. Kasuku, unabadilisha asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Kikilowa mapema, unabadilisha mapema. Unakifua kwa sabuni na maji safi. Unasuuza mpaka povu liishe. Halafu unakianika juani mpaka kikauke kabisa. Jua linaua vijidudu. Mikono unanawa kabla na baada."

"Na kuoga?" mama aliuliza. "Nilifikiria kumtilia ile dawa ya kung'arishia nguo kwenye maji ya kuoga. Kidogo tu, imsafishe."

"Usithubutu! Itamuunguza. Ile ni ya kola za mashati. Anaoga kwa maji safi na sabuni ya kuogea, tena kwa nje tu. Ndani hakuoshwi. Na huo muwasho una dawa. Jumatatu aje kwangu."

Kisha mkunga akauliza jambo lililomsumbua. "Lakini zahanati tuna kabati. Watu wanatuletea pedi, sabuni, dawa ya meno, hata nepi za watoto. Ni bure kwa asiye na uwezo. Limejaa pomoni. Hakuna anayechukua, nasi tukadhani watu wanavyo. Kwa nini hamkuja?"

Mama aliinamisha uso. Aliyejibu ni Kasuku, na ulimi wake wa zamani ukamrudia kwa ghafla.

"Kabati tunaliona, Mama Mkunga. Liko mlangoni, mbele ya benchi. Limeandikwa kwa wino mwekundu: MSAADA KWA MASKINI. Ukitaka kitu unamwomba karani. Na karani naye anauliza kwa sauti, 'Pedi au nepi?' Wote kwenye benchi wanageuka. Siku moja nilifika mpaka pale. Kijana wa darasa letu alikuwa amekaa na bibi yake. Nikasema nimekuja kupima homa. Nikapimwa homa."

Mkunga alitaka kucheka, akashindwa. Sasa aibu ilikuwa yake.

"Mimi ndiye niliyechagua pale mlangoni," alisema. "Nilitaka watu walione."

"Wanaliona," mama alisema taratibu. "Ila wanamwona na anayechukua."

Dobi aliingia. Wateja walikuwa wameondoka, na mmoja alikuwa amebeba nguo zake zikiwa mbichi. Dobi alisimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono yake.

Mama alijikaza kisabuni. "Mume wangu, kaa nikwambie. Mtoto anaingia mwezini. Hana pedi wala sabuni. Ndiyo sababu ya lile tumbo, na ndiyo sababu anataka kuacha shule. Na mimi ndiye niliyemwambia akufiche."

Dobi alikaa kwenye ndoo.

"Nafua mashuka ya wagonjwa," alisema. "Yanakuja na damu. Sijawahi kukunja uso. Sasa nyumbani kwangu nafichwa kitambaa?" Akamtazama bintiye. "Nimekuita mwizi mbele ya watu. Nisamehe, mwanangu."

"Lakini nilichukua kweli, baba."

"Ulichukua, na ni kosa. Ila ungeniombaje? Mimi nilikuwa najifanya sioni. Ni rahisi, kujifanya huoni." Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujaribu kuyafuta.

Akatoka nje, akarudi na mche mzima wa sabuni ya kuogea, ule aliouweka kwa ajili ya vitambaa laini vya wateja. Akamkabidhi Kasuku. Mkunga naye akaliweka shuka kitandani.

"Limeshaingia mkasi," alisema. "Malizieni kulikata. Mpige pindo vizuri, nalo litakuwa na kazi."

Wiki iliyofuata kabati lilihamishwa. Mkunga alilipeleka chumba cha kupimia uzito, ambako kila mtu huingia peke yake. Yale maandishi mekundu aliyafuta. Vitu vikawekwa kwenye mifuko ya kaki, yote ya aina moja, usijue ndani kuna pedi au nepi. Karani akahamishiwa dirisha la dawa, ambako sauti kubwa ni faida. Haukupita muda mkunga akaanza kulalamika kwamba kabati linaisha haraka, na sasa akawa anapita kwa wenye maduka kuomba zaidi.

Nyumbani kwa dobi vitambaa vilianikwa juani, kwenye kamba ile ile ya mashati. Siku ya kwanza mama alivifunika kwa kanga. Dobi akaiondoa. "Jua halipiti kwenye kanga," alisema, akaendelea na kazi yake. Dawa ya mkunga ilimaliza muwasho. Kasuku alitumia pedi siku za shule na vitambaa siku za kukaa nyumbani. Hakukosa shule tena, na mwalimu akaandika jina lake kwenye watakaofanya mtihani. Pasi ikapumzika kusikiliza habari za darasani, maana sasa walisimuliwa watu.

Mwezi mmoja mama alipata homa, na pedi zikaisha. Dobi akasema, "Nitakwenda mimi."

Alikaa kwenye benchi la zahanati. Karibu yake alikaa fundi viatu, jirani yao wa siku nyingi.

"Vipi dobi, unaumwa?" fundi aliuliza.

Dobi alikuwa na uongo wa kuchagua. Kulikuwa na mgongo, kulikuwa na kichwa. Akameza mate.

"Nimefuata pedi za binti yangu," alisema.

Wanawake wawili waligeuka. Masikio yalimwaka moto. Aibu haikuwa imekwenda popote, ilikuwa hapo hapo kwenye benchi naye. Lakini alikuwa ameshasema, na neno halirudi mdomoni.

Fundi viatu aliangalia vidole vyake vyenye gundi. Kisha akasogea, akashusha sauti.

"Wanawapa na wanaume?"

"Wanampa mzazi."

"Mimi ninao wawili," fundi alisema. "Na mama yao hayupo. Wanaumwa tumbo kila mwezi, nami nawapa vidonge."

Mlango wa chumba cha kupimia uzito ukafunguliwa. Mkunga akaita anayefuata. Ilikuwa zamu ya dobi. Alisimama, akamshika fundi viatu mkono na kumwinua.

"Tangulia wewe," alimwambia.