Upepo Kutoka Lokandu

Haya yalimpata yaya Emerance, dada yangu, binti wa mama yangu mkubwa, hapa hapa Alunguli, ng'ambo ya mto ukitoka Kindu. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa nimekaa karibu naye.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, saa nane mchana. Tulikuwa barazani, yeye akichambua sombe, majani ya mihogo, mimi nikipakia picha za mawingu kwenye tovuti yetu. Inaitwa Upepo wa Lualaba, kwa jina la mto wetu. Yaya aliianzisha peke yake, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Wavuvi wa Lokandu wakiona wingu linajikusanya humwandikia, naye hupanda pikipiki, hulifuata lile wingu kando ya mto mpaka alipige picha. Kisha hutangaza: vukeni, au musivuke. Watu elfu nane wanatufuata. Mimi, Florentin, kazi yangu ni kuandika habari kwenye ukurasa wetu na kujibu maswali, lakini neno la mwisho kuhusu mbingu ni lake. Watu husema yaya anapenda tufani. Mimi pia niliamini hivyo.

Ujumbe ukaingia kwenye ukurasa. Aliyeuandika hakuwa na jina wala picha.

"Mbingu iko namna gani?"

Nilimsomea yaya. Akatazama juu, akatazama picha za setilaiti. Jua lilikuwa linachoma, hata kipande cha wingu hakikuwepo.

"Mujibu iko safi," akasema.

Nikajibu. Papo hapo likarudi neno: "Angalia tena."

Nilicheka. Kabla sijaweka simu chini, likaja lingine.

"Angalia tena, Meme."

Niliposoma hilo, sombe ilimponyoka yaya mikononi.

"Ni nani amekuambia hilo jina?"

"Hakuna, yaya. Njo vile wameandika hapa."

"Mama tu njo alikuwa ananiita hivyo," alinong'ona. "Mama peke yake."

Mama yake, mama mkubwa Odette, alikufa mwaka 2002, wakati wa vita, mimi sijaanza hata kutembea. Nyumbani tuliambiwa jambo moja tu: mtumbwi ulipinduka.

Yaya alitoka mbio hadi kwenye kona inayoonyesha mto. Nilimfuata. Upande wa Lokandu wingu lilikuwa limesimama, jeusi, limeshuka karibu na maji. Dakika tano nyuma halikuwepo.

"Andika musivuke! Andika sasa!"

Niliandika, nikatuma. Yeye alimpigia Musafiri, mwenye mtumbwi mkubwa wa kuvusha watu. Musafiri alikuwa tayari amepakia wanafunzi ishirini na wawili.

"Washushe! Musafiri, nakuomba, shusha batoto!"

Mtoto wa mwisho alikuwa bado anapanda ukingo upepo ulipofika. Mabati yaliruka. Mtumbwi wa Musafiri ulikatika kamba, ukazunguka, ukapinduka mbele ya macho yao. Mtupu.

Tulirudi ndani tumelowa. Nilitaka kumpongeza yaya. Simu ikalia.

"Na sisi, tushuke?"

Yaya aliusoma mwenyewe. Akakaa sakafuni, polepole, kama mtu mzee. Na hapo ndipo alipotoa neno alilolificha miaka yote hiyo.

"Tulikuwa tunakimbia kutoka Kindu tuje huku ng'ambo," alisema. "Mama alikuwa anafunga vitu. Dieumerci alikuwa analia. Mama akanituma inje niangalie mbingu. Niliona wingu, Florentin. Niliiona muzuri. Lakini masasi ya bunduki ilikuwa inalia ku barabara, nikaogopa atasema tungoje. Nikamwambia, iko safi, mama."

Upepo uliwakuta katikati ya mto. Mvuvi mmoja alimwokota Emerance akiwa amekumbatia bidoni, dumu tupu la plastiki. Alikuwa na miaka tisa. Mama yake na mdogo wake Dieumerci hawakuonekana, si siku hiyo, si baadaye. Hawana hata kaburi.

"Bado wananingojea," alisema. "Bado wako ndani ya mutumbwi. Hakuna mutu aliwaambia washuke."

Nilimsihi asijibu. Nilimwambia ni mtu mbaya tu, mchawi anayetaka kumchezea roho. Hakunisikia. Aliandika kwa kidole kimoja, machozi yakidondoka juu ya kioo.

"Shukeni, mama. Shukeni na Dieumerci. Nilikudanganya. Nisamehe."

Ujumbe ulisomwa.

Mvua ikakatika ghafla.

Kisha ikaja ramani, ile ambayo mtu hukutumia ukajua yuko wapi. Alama ya bluu ilikuwa katikati ya Lualaba.

Ikasogea.

Ilikuja taratibu, mwendo wa mtu aliyemshika mtoto mkono. Ikagusa ukingo. Ikapanda. Ikapita sokoni. Ikakata kona yetu.

"Yaya, tufunge mulango."

"Wacha."

Alitandika mkeka mpya wa plastiki katikati ya chumba. Akafungua mlango wote. Akapiga magoti.

Alama ilisimama mbele ya nyumba. Nilichungulia. Njia ilikuwa tupu, matope matupu. Mbwa wa jirani alikuwa amelala kizingitini petu. Alisimama, akajisogeza kando, kama anampisha mtu. Akalala tena. Akasimama tena. Akapisha mara ya pili, macho yake chini zaidi.

Simu ikazimika yenyewe.

"Karibu, mama," yaya alisema. Alilia mpaka sauti ikamwisha.

Tulipowasha simu, mazungumzo yote hayakuwepo. Tangazo letu lilikuwepo, pamoja na shukrani za wazazi wa wale wanafunzi ishirini na wawili. Yaya hakuzisoma.

Bado anaendesha tovuti. Bado hufuata mawingu. Lakini akirudi hukaa karibu na ule mkeka na kuongea chini chini, akisimulia siku yake. Juu ya mkeka kuna alama mbili za maji, moja kubwa na moja ndogo, kama za watu waliokaa wakiwa wamelowa. Tuliuanika juani kiangazi kizima. Mkeka ulikauka wote isipokuwa pale. Ukipagusa, kidole kinanuka mto.

Jumapili iliyopita nilifagia chumba kile, yaya akiwa kanisani. Kati ya zile alama mbili nilikuta ya tatu, ya kumtosha mtoto wa miaka tisa. Bado mbichi. Yaya hajaiona, au ameiona na hasemi.