Usiniambie Nani Kashinda

Tik-tik-tik-tik. Kabla hajamwona mtu, fundi miwani aliisikia sauti hiyo ikipenya kelele za soko la vipuri, nyembamba na safi kama panzi aliyeshiba. Gurudumu zuri la baiskeli, likizunguka bila kukanyagwa, halina sauti nyingine. Akaacha kubishania bei ya tyubu, akageuka.

Aliyekuwa akiikokota baiskeli ni dada mrefu, kitambaa chekundu kichwani, kizibao cha rangi ya chungwa, buti zimejaa udongo mpaka kwenye kamba.

"Dada, hilo gurudumu la nyuma umelipata wapi?"

"Kwani umeibiwa?"

"Natamani ningekuwa nimeibiwa. Ingemaanisha niliwahi kuwa nalo."

Dada alijaribu kutocheka, akashindwa. "Wewe unafuata mbio za baiskeli, nimekujua kwa macho hayo. Jana pale mlimani, ulimwona yule..."

Fundi aliziba masikio kwa viganja, tyubu zikamwanguka miguuni. "Tafadhali. Bado sijaangalia marudio."

"Basi umepata mwenzako. Kuna mtu ofisini aliniharibia mbio za mwaka jana, mpaka leo salamu zetu ni za kikohozi."

Ndivyo yalivyoanza. Dada huyo alikuwa mpima ardhi, fundi akamwita Mpima, na jina likaganda. Mbio zile kubwa za wiki tatu zilipofika, kila siku washindani walivuka mstari wakati wao wawili wako kazini: fundi anasugua vioo vya miwani kwenye duka jembamba kama koridoo, Mpima yuko juani na kamba zake. Wakajiwekea sheria. Mtu asisome habari, asiseme neno, mpaka jioni wakae kwenye kochi la dada yake fundi, watazame marudio wakitafuna karanga, magoti yakigusana kwa bahati iliyopangwa vizuri.

Marudio yakiisha, ramani ilitandikwa kwenye meza ya kupigia pasi. Walikuwa wakipanga safari yao wenyewe: Jumamosi kwenda ziwani kwa baiskeli, kulala nyumba ya wageni, Jumapili kurudi.

"Tupite hapa, ni karibu," fundi alisema, akichora kwa kidole.

"Hapa utalia, mpenzi. Ona mistari ilivyobanana. Huo ni mlima."

"Mimi ni mpanda milima."

"Wa kochi."

Dada mtu alicheka jikoni. Yeye peke yake alijua kwamba mdogo wake alikuwa na sentensi aliyoifanyia mazoezi mbele ya vioo vya dukani, sentensi ndefu yenye vina, na kwamba ingesemwa kando ya ziwa, na kwamba mwisho wake ulikuwa neno "unioe" alilolibadilisha kuwa "nikuoe" baada ya kusahihishwa.

Ikafika siku ya milima mirefu, ile ambayo mshindi wa wiki zote tatu hujulikana. Mchana simu ya fundi ikaita. Sauti ya Mpima ilikuwa inahema.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniambie nani kashinda," fundi akasema, akakata, akaizima kabisa. Akarudi kwenye kioo chake akitabasamu. Aliona mwenzake kazidiwa na utamu wa habari.

Jioni karanga zilipoa. Mpima hakuja. Fundi alipowasha simu, ujumbe ulikuwa unamsubiri: "Nilikuwa nimeanguka kwenye mteremko wa darajani. Nilitaka uje. Endelea na mbio zako."

Dada yake alisoma begani kwake. "Mdogo wangu. Umemkatia simu mtu yuko chini?"

Fundi alikuwa tayari juu ya baiskeli, suruali haijakunjwa, cheni inaitafuna.

Mlango ulifunguliwa na mama yake Mpima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Usiniambie?" Akampisha bila kumkaribisha. "Yuko uani."

Mpima alikuwa amekaa kwenye kigoda, gauni la kijani limepandishwa juu ya goti lenye bendeji. Baiskeli ililala kando, gurudumu la nyuma limepinda kama chapati iliyokosewa. Fundi alitazama vidole vya miguu ya Mpima. Vilicheza. Pumzi aliyoibeba tangu nyumbani ikamtoka, akakaa chini palepale sakafuni.

"Umevunjika?"

"Kilichovunjika ni gurudumu."

"Nani alikufikisha zahanati?"

"Muuza mkaa, kwenye mkokoteni wake. Hakuniuliza habari za mbio."

"Nimestahili hilo."

"Lipo lingine. Unajua nilifuata nini darajani? Nilitaka nione kama mteremko ule wa njia ya ziwani utauweza. Wewe ukishuka unashika breki kama umeona simba."

Fundi aliinamisha kichwa. "Chukua gurudumu langu la nyuma."

"Lako halina sauti." Lakini alikuwa ameanza kulegea mdomoni, akauma mdomo ili asionekane. "Zahanati ina televisheni ukutani. Niliona kila kitu, mpaka mstari. Nikuambie?"

Mwaka mzima fundi aliisubiri siku ile. Alishusha mikono yake magotini, mbali na masikio.

"Niambie."

Mpima akamwambia. Alimwambia kona kwa kona, nani alichomoka, nani aliishiwa nguvu miguuni, nani alilia akiwa bado anakanyaga, na mwishoni kabisa nani kashinda. Fundi hakumkatiza hata mara moja. Mpima alipomaliza, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa fundi, na hakuna aliyejua ulifikaje.

"Goti likipona twende ziwani," Mpima akasema. "Ila kwanza niahidi. Sema kwa sauti, mama yuko dirishani na anajifanya anakuna nazi."

Sentensi ya ziwani, na vina vyake vyote, ilimtoka kichwani. Fundi alisimama, akajikung'uta suruali iliyochanika, akasema hata majirani wakasikia:

"Siku zote ukinipigia nitapokea, na nitasikiliza mpaka unyamaze mwenyewe, hata kama imebaki kilomita moja."