Sheria ya Jumapili

Kila Jumapili, akitoka ibadani na wazazi wake, Chiriku alivua viatu vyake vizuri, akavifuta vumbi na kuvirudisha chini ya kitanda. Kisha alibadili gauni, akamsaidia mama kuosha vyombo, na vyombo vikiisha alichomoka kwenda uani kucheza na Kidonge. Kidonge alikuwa binti wa muuguzi aliyepanga chumba cha tatu katika nyumba yao, ndiyo maana watoto walimpa jina hilo. Chiriku naye aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Tangu utotoni walikuwa chanda na pete.

Mambo yaligeuka msusi na binti yake walipohamia chumba cha pembeni. Binti huyo alikuwa rika la Chiriku, mpole, lakini mikono yake ilikuwa na maajabu. Alisuka mistari iliyonyooka kama imepigwa rula, na haikuchukua muda watu wakamwita Vidole. Kwa kuwa Jumapili hakuna shule, baraza la msusi lilijaa wasichana. Wengine walikuja kusukwa, wengine kutazama, wengine kucheka tu. Kidonge naye alikuwa huko, amekaa chini, kichwa kimeegemea magoti ya Vidole.

"Chiriku, njoo basi!" aliita. "Vidole anatusimulia kituko!"

"Nina kazi," alijibu Chiriku, na kazi yenyewe hakuwa nayo.

Alichukua ungo, akaketi mlangoni kwao akijifanya anachambua maharage. Kila kicheko kilichotoka barazani kilimchoma kama mwiba. Kidonge aliposimama, akajitazama kwenye kioo kisha akamkumbatia Vidole, Chiriku aliona maharage mazima yote ni mabovu, akayatupa.

Jioni alimfuata baba yake aliyekuwa akila. Baba alikuwa seremala, karakana yake ikiwa nyuma ya nyumba, na wapangaji wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mwenyekiti wao. Alikuwa mcha Mungu. Jumapili hakugusa randa, hata msumari uliolegea aliuacha ulegee.

"Baba, hivi ni sawa watu kufanya kazi Jumapili? Sisi tumetoka kusali, kule kwa msusi ni soko."

"Kila mtu na imani yake, mwanangu."

"Lakini wewe ndiye mwenyekiti. Wewe unaacha kazi, wenzako wanafanya mbele ya macho yako. Mungu hataona kwamba umenyamaza?"

Baba aliacha kutafuna. Neno lilimwingia. Alidhani anasikia sauti ya mtoto aliyelelewa vyema. Hakujua kwamba ni wivu uliovaa nguo za ibadani.

Siku chache baadaye wapangaji walikutana uani. Baba alipendekeza sheria: Jumapili asionekane mtu akihudumia wateja ndani ya ua. Wengi wao walisali Jumapili, kwa hiyo mikono ilipanda kwa wingi. Msusi alisimama taratibu.

"Jamani, ibada yetu sisi ni Jumamosi. Siku hiyo hata kitana hatushiki. Na Jumapili mkinifungia, hawa wanafunzi nitawasuka lini?"

"Wengi wape, mama," sauti moja ilijibu, na kikao kikaisha.

Jumapili iliyofuata baraza lilikuwa tupu. Chiriku alichana nywele, akakaa mlangoni kumngoja Kidonge, moyo ukimdunda kwa furaha. Kidonge alitokea kweli, lakini hakukaa.

"Umesikia? Vidole anahama. Mama yake anatafuta chumba kwingine, anasema hapa hawataweza kuishi. Vidole amelia tangu asubuhi. Naenda kukaa naye."

"Si ukae na mimi?"

"Na wewe nawe! Wewe una ua mzima. Yeye ana nani?"

Akaondoka. Chiriku alibaki na mlango wake. Sheria ilikuwa imepita kama alivyotaka, lakini rafiki hakurudi. "Hata kwa machozi ananishinda!" aliwaza, na hapohapo akaona aibu kwa wazo hilo.

Ijumaa, Chiriku alikuwa karakanani akimwokotea baba yake maranda. Mara akaingia fundi cherehani wa chumba cha mwisho, ambaye alikuwa safarini kikao kilipofanyika.

"Mwenyekiti, pole na kazi. Weka randa chini."

"Kuna nini, jirani?"

"Leo Ijumaa. Siku yangu ya ibada ndiyo hii. Nasikia ua wetu siku hizi una sheria ya kulinda siku za ibada. Nami nataka yangu."

Baba alicheka. "Acha utani. Shule inasubiri haya madawati."

"Na vichwa vya watoto kule kwa msusi, si vilikuwa vinasubiri? Ijumaa nikufunge mimi, Jumamosi atufunge yeye, Jumapili utufunge wewe. Na yule babu asiyesali kokote tumpe Jumatatu alale!"

"Lakini sisi tulikuwa wengi," alisema baba, safari hii bila kucheka.

"Leo mko wengi. Wakihama wenu wakaja wetu, nami nitakuwa na wengi. Utafurahi nikufungie karakana, kisha nikuambie ndiyo dini?"

Fundi cherehani alitoka. Baba alibaki ameshika randa, haisukumi wala haiweki chini. Mwishowe alimgeukia binti yake.

"Chiriku, Jumapili ile, msusi alikukosesha ibada?"

"Hapana, Baba."

"Kelele zilikuudhi?"

Chiriku alitazama maranda mkononi. "Hapana. Nilitaka Kidonge arudi kwangu. Nilimwonea wivu Vidole. Mungu... Mungu nilimtaja tu."

Baba alikaa juu ya ubao.

"Yaani ulimtuma Mungu akakugombee rafiki," alisema polepole. "Nami nikakubali upesi, kwa kuwa nilipenda watu wanione mcha Mungu. Tumekosa wote wawili, mama. Mimi nitakwenda kwa wapangaji. Wewe nenda kwa msusi, tena mwenyewe."

Mlango wa msusi haukuwa mbali, lakini siku hiyo ulikuwa mbali kweli. Ndani, mizigo ilikuwa imefungwa kwa kamba. Vidole alikuwa ameketi juu ya furushi.

"Shikamoo, mama," alisema Chiriku, kisha maneno yote, yeye wa kusema kama maji, yakamwisha. Akayatafuta moja moja. "Ile sheria... ilianza na mimi. Haikuwa dini. Ulikuwa wivu. Naomba mnisamehe. Msihame."

Msusi alimtazama sana. "Kusema hilo si kazi ndogo," alisema. "Tutasikia kikao kitasemaje."

Kikao kilifanyika Jumapili alasiri, na watoto waliruhusiwa kukaa. Baba alisimama bila kofia.

"Ndugu zangu, naomba sheria ile tuifute. Imani yangu inaniamuru mimi kupumzika Jumapili, nami nitapumzika. Imani hiyohiyo inanikataza kumwonea jirani, na hapo ndipo nilipoteleza. Lakini sheria ya ua inatubana sote. Basi iwe na sababu ambayo hata asiyesali nami ataielewa. Kumpigia jirani nyundo na redio akiwa anasali ni kukosa adabu, hilo tunalielewa wote. Tukubaliane kupunguza kelele wakati wa ibada ya yeyote, siku yake yoyote. Hayo mengine kila mtu na moyo wake."

Mikono ilipanda, wa fundi cherehani ukiwa juu kuliko yote. Baba akawageukia watoto.

"Nanyi, kabla hamjasema 'Mungu hapendi', jiulizeni kwanza kama si nyinyi ndio hampendi."

Msusi alirudi chumbani, akafungua kamba za mizigo. Vidole alitoa kigoda barazani, akachukua kitana, akamtazama Chiriku aliyesimama kando ya Kidonge asijue aende wapi.

"Njoo ukae," alisema. "Nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki utaisikia kichwani, maana leo nitakaza!"

Kidonge aliangua kicheko. Chiriku aliketi, akafumba macho, akamwachia Vidole kichwa.