Chati ya Kitanda cha Tisa

Bochaberi Onyiego alikuwa na miaka kumi na tisa na sare mbili za uuguzi, moja mwilini na nyingine kwenye kamba. Kila asubuhi alikuwa ameshapiga pasi ile ya zamu, ameshasugua raba zake nyeupe kwa dawa ya meno, na ameshamwamsha Joyline mara tatu. Joyline, msichana wa Nyamira aliyeishi naye chumba kimoja, angeweza kulala hata akiwa amesimama. Wakishakunywa chai, walishuka kilima cha Nyanchwa kwa miguu, wakikwepa matope na bodaboda, hadi hospitalini.

Walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kidogo cha jamii, na hii ilikuwa mara yao ya kwanza kupelekwa wodini. Kwa miezi minne walikuwa wamemwogesha na kumgeuza mwanasesere wa plastiki ambaye hakuwahi kulalamika. Sasa walikuwa na wagonjwa wa kweli, pamoja na kitabu cha mazoezi ambacho mwalimu alitia sahihi kila kazi ilipokamilika. Asiyekamilisha angerudia muhula mzima.

Mwalimu wao, Bi. Persis, hakuwa mtu wa mchezo. Siku ya kwanza msichana mmoja alimwomba asipelekwe wodi ya wanaume, kwa kuwa alikuwa na watu wa kwao huko. Bi. Persis alimtazama juu ya miwani.

"Muuguzi hachagui mgonjwa," alisema. "Hapa hakuna baba, hakuna shemeji, hakuna jirani. Kuna mgonjwa na kuna kitanda. Anayeona aibu arudi nyumbani akachume chai."

Darasa zima liliangua kicheko. Bochaberi naye alicheka, na kicheko hicho kilikuja kumtokea puani.

Jumatatu iliyofuata alipewa kitanda cha tisa. Alifika na beseni lake la maji ya uvuguvugu. Aliyelala pale alikuwa Thadeus Ogeto wa Birongo, ndugu mdogo wa marehemu baba yake. Baba alipofariki, Bochaberi alikuwa na miaka saba. Thadeus ndiye aliyemchukua, akamlea, akamsomesha, na tangu siku hiyo Bochaberi hakuwahi kumwita jina jingine ila Tata, yaani baba. Jumamosi alikuwa ameteleza shambani na gunia la majani chai mgongoni, akavunjika mfupa wa paja, na habari haikuwa imemfikia Bochaberi. Mguu ulikuwa umefungwa kamba yenye uzito wa kuuvuta, na asingeondoka kitandani kwa wiki nyingi.

Kazi ya Bochaberi ilikuwa rahisi kuieleza. Amwogeshe, amwinue kidogo kila baada ya saa mbili kwa msaada wa mwenzake, amkague mgongo, makalio na visigino asije akapata vidonda vya kulalia, kisha aandike kwenye chati. Lakini kwa Wagusii, baba na binti wana mipaka yao. Binti haketi kwenye kitanda cha baba yake, na kamwe hauoni mwili wa baba yake. Heshima hiyo wanaiita chinsoni, na mtoto hukua nayo tangu anapojifunza kutembea.

Alivuta pazia. "Bwakire, Tata," alimwamkia kwa Kigusii, akinong'ona.

"Bwakire, mama," Thadeus alijibu. Alimwita hivyo kwa sababu Bochaberi alipewa jina la mama mzazi wa Thadeus. "Hilo beseni ni la nini?"

"Nimetumwa nikuogeshe. Na nikuangalie mgongo."

Thadeus aligeuza macho akatazama dari. "Uso, sawa. Mikono, sawa. Huko kwingine wacha, mama. Unataka watu wa Birongo waseme nini? Mimi niko sawa."

"Lakini Tata, inatakiwa iandikwe."

"Basi andika. Nani atakuja kuuliza?"

Bochaberi alifikiria kwenda kwa Bi. Persis na kumwambia, "Madam, huyu ni baba yangu, nipe mwingine." Kisha akasikia kile kicheko cha darasa, na mara hii kilikuwa kinamcheka yeye. Akamnawisha Tata uso na mikono, akamchana nywele, akamfunika shuka hadi kifuani. Kwenye chati akaandika kwamba ameogeshwa, amegeuzwa, na ngozi haina kidonda, na kila neno akalitilia alama ya vema. Alama ya kwanza aliiandika polepole. Ya tatu aliiandika upesi, kama mtu aliyezoea.

Bi. Persis alipopita, Bochaberi alimwita Tata "mzee" kwa sauti ya juu, kwa Kiswahili, kana kwamba hawajuani. Mwalimu alisoma chati, akatia sahihi na kuandika neno moja pembeni: Safi. Halafu akawaambia wengine waje wajifunze jinsi chati inavyojazwa.

Wiki ilikwenda hivyohivyo. Alhamisi Thadeus alianza kukunja uso kila alipojisogeza. "Hili godoro lina mawe," alisema, akajitahidi kucheka. Ijumaa Bochaberi alipomwinamia kumpa uji, alisikia harufu nzito isiyo ya sabuni wala ya dawa. Alijiambia kwamba ilitoka kitanda cha jirani, akafungua dirisha, akajaza chati kama kawaida. Wasomaji wangu, alijua. Mtu hafungui dirisha kwa kitu asichokijua.

Mwishoni mwa wiki alikwenda kanisani akaimba pamoja na wengine. Wodini, muuguzi mmoja alikuwa na wagonjwa thelathini na sita. Alipofika kitanda cha tisa aliona mstari mzima wa alama za vema, na sahihi ya mwalimu, akamshukuru Mungu kwamba angalau huyo yuko salama. Akaenda kwa wale ambao chati zao zilikuwa na shida.

Jumatatu wanafunzi walibadilishana vitanda. Cha tisa kilimwangukia Joyline, na Bochaberi akapewa cha kumi, pazia moja tu kati yao. Alisikia kila neno.

"Wewe binti ni wa wapi?" Thadeus aliuliza. Sauti yake ilikuwa imefifia.

"Nyamira, mzee."

"Kwa hiyo si wa ukoo wetu?"

"Si wa kwenu."

"Afadhali. Basi niangalie huko chini. Kuna kitu kinaniuma siku nne sasa, sijui nimwambie nani."

Bochaberi aliganda na kitambaa kilicholowa mkononi. Siku nne! Alhamisi na Ijumaa alikuwa amekaa kando yake, amemlisha na kumchana nywele, na mtu huyo hakuwa na wa kumwambia.

Joyline alitoka nyuma ya pazia na mkono mdomoni. "Madam, njoo. Njoo haraka."

Mwishoni mwa uti wa mgongo palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, kirefu kwenda ndani, kingo zake nyeusi. Daktari aliitwa. Bi. Persis alichukua chati akaisoma polepole, mstari kwa mstari, na Bochaberi akamwona akifika kwenye lile neno Safi aliloliandika yeye mwenyewe.

"Kidonda hiki hakikuzaliwa jana," alisema. "Daktari anataka kujua kina siku ngapi ili achague dawa. Bochaberi, Ijumaa ulikiangalia kwa macho yako?"

Kabla hajajibu, Thadeus aliinua kichwa kwenye mto. "Aliangalia, Madam. Hakikuwepo. Msimlaumu mtoto."

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi, na aliyeufungua ni Tata mwenyewe. Bochaberi angeitikia kwa kichwa tu na mambo yangeishia hapo. Lakini alimtazama yule mtu mgonjwa anayehangaika kumfichia binti yake, uso umejaa jasho la homa, akashindwa.

"Sikuangalia," alisema. "Hata siku moja. Ijumaa nilisikia harufu nikafungua dirisha. Huyu si mzee tu, Madam. Huyu ni baba yangu."

Hakuna aliyecheka.

Madaktari walifanya kila walichoweza. Kidonda kilisafishwa, dawa kali zikaanzishwa, lakini uchafu ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Bochaberi aliondolewa zamu, akawa anakuja kama jamaa wa mgonjwa, pamoja na Esnah, mke wa Thadeus. Siku ya kwanza tu alimweleza Esnah ukweli wote, akipiga magoti sakafuni. Esnah hakupiga kelele. Aliacha chai ikapoa kwenye kikombe, kisha akasema, "Ni mtu wa aibu sana. Hata mimi angenificha." Alimwinua, lakini kwa siku mbili hakuweza kumtazama usoni.

Siku ya tisa tangu kidonda kionekane, saa nane mchana, Thadeus aliomba aachwe na binti yake.

"Ni mimi niliyekwambia uandike," alisema kwa shida.

"Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, Tata."

Thadeus aliutafuta mkono huo akaushika. "Basi usiitupe hiyo kalamu, mama. Umesikia? Usiitupe."

Alifariki kabla ya jua kutua. Alizikwa Birongo, nyuma ya nyumba, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Baada ya mazishi wanawake wa kanisani walimshika Bochaberi mikono mmojammoja wakimwambia jinsi Thadeus alivyobarikiwa kuwa na binti yake muuguzi kando yake hadi mwisho. Kila aliyesema hivyo alimchoma upya, na hakukuwa na pa kukimbilia. Jioni hiyo alikunja zile sare mbili akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo.

Chuo kiliamua arudie muhula. Hakurudi. Wiki tatu alichuma chai asubuhi hadi mchana, kikapu mgongoni, bila kuzungumza na mtu. Siku moja aliinua macho akamwona Bi. Persis akija kati ya mistari ya michai, viatu vya mjini vimejaa udongo.

"Ni mimi niliyesema anayeona aibu akachume chai," Bi. Persis alianza. Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya leso, ingawa haikuwa na vumbi. "Sijalala vizuri tangu nilipoisoma ile chati. Nilifunga mlango ambao ungeupitia. Hilo ni kosa langu, na nimelisema mbele ya darasa. Sasa mwanafunzi mwenye mtu wake wodini anakuja kwangu, na tunambadilishia kitanda."

Bochaberi alilia. Hakuwa amelia mazishini.

"Nilimuua baba yangu, Madam."

"Mfupa uliovunjika, kidonda, homa, uongo wako, ukali wangu, aibu yake. Yote yalikutana. Sitakuambia huna sehemu yako, kwa sababu unayo, na utaibeba." Bi. Persis alimshika bega. "Lakini nisikilize vizuri. Kumwonea baba yako haya si kosa. Ulilelewa vyema. Kosa ni kuandika umeona ambacho hukukiona. Nafasi tupu kwenye chati inapiga kelele, watu wanakuja mbio. Alama ya uongo inawanyamazisha wote. Ukishindwa na kazi, sema umeshindwa. Utaona haya dakika mbili. Mgonjwa ataishi."

"Alisema nisitupe kalamu."

"Basi usimwangushe."

Muhula uliofuata Bochaberi alikuwa tena wodini, sare zimepigwa pasi, darasani mwa watu wasiomjua. Siku ya tatu, kwenye kitanda cha pili, alikuta mzee mnene wa Nyakoe ambaye hakuwa ndugu yake. Alijaribu kumwinua, akashindwa, na wote waliokuwa karibu walikuwa na kazi zao. Saa ya kujaza chati ikafika. Wenzake walikuwa wamekwisha kujaza za kwao na walikuwa wakimsubiri waende kula.

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Aliandika: Hajageuzwa. Sijamwona mgongo. Kisha akatembea hadi katikati ya wodi, masikio yakimwaka, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Madam, kitanda cha pili nimeshindwa. Nisaidie."

Bi. Persis alisoma chati ile yenye nafasi mbili bila alama. Hakuandika Safi wala neno lolote. Aliivua saa yake, akakunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko.

"Shika upande ule," alisema. "Tukihesabu tatu, tunamwinua pamoja."